Kikaragosi Hakiulizwi

6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na hao kuku wenu wanaolala ndani kama wapangaji. Huku hatujambo. Mama ametolewa mtoto wa jicho la kushoto wiki iliyopita. Daktari alimwambia apumzike siku saba. Siku ya tatu nikamkuta amesimama juu ya stuli anafuta vumbi juu ya kabati, kwa sababu, anasema, sasa analiona. Anakusalimu sana. Kukupigia simu amechoka, kila neno unamjibu "Eeh?", ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Sikio lako limeliwa na msumeno wa umeme, lakini macho unayo.

Nimepata kazi mpya ya miezi sita. Kazi zangu unazijua: asasi ikikwama, mfadhili anatuma mtu akae na wafanyakazi, awasikilize, awasaidie kubadilisha namna wanavyoendesha mambo yao. Wanatuita wawezeshaji. Mama bado anawaambia majirani kwamba ninafundisha watu wazima kuongea kwa zamu.

Safari hii asasi yenyewe ni Nyumba ya Vikaragosi. Ndiyo, ileile uliyochongea miaka ishirini na miwili. Mama Pazia bado ndiye mkurugenzi, ana miaka sabini na moja, na ufunguo wa stoo ya vikaragosi bado anauvaa shingoni. Novemba alishikwa na homa, ufunguo ukabaki chini ya mto wake, na watoto wa wodi ya upasuaji wakasubiri onyesho ambalo halikuja. Mfadhili amesema basi. Ama nyumba ipate uongozi mpya kufikia mwisho wa Julai, ama msaada unasimama na watu kumi na wawili wanakwenda nyumbani.

Pale sijamwambia mtu kwamba mimi ni mpwa wako, wala mfadhili sijamwambia. Hawajauliza. Lakini wewe nakuuliza: alikufukuza kwa kosa gani? Nakumbuka ulivyorudi na sanduku lako la patasi, na mama akimlaani yule mwanamke mpaka chai ikapoa. Wewe hukusema kitu. Ukinieleza ilivyokuwa, nitajua pa kuanzia.

Mpwa wako,
Kasuku


1 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba, mtoto wa dada yangu. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye nimechelewa. Mkaza mjomba wako alikuwa na kikohozi, sasa kimekwisha, na sauti imerudi yote, hata ile ambayo hatukuihitaji. Mwambie mama yako ashuke kwenye stuli. Jicho jipya halimpi magoti mapya.

Kuku wamekuwa kumi na tisa. Jogoo mmoja amejipa cheo, anawika saa nane mchana, wenzake wanamtazama tu. Nimetengeneza meza ya shule na kabati la zahanati. Mbao siku hizi ni mbichi, unapiga randa leo, kesho zimepinda.

Nimefurahi umepata kazi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe nenda ukawaponye, ila kumbuka mgeni naye huja na kikohozi chake.

Kuhusu ulichoniuliza, miche ya mivinje niliyopanda nyuma ya nyumba imeshika vizuri. Mmoja tu umekauka.

Kula vizuri. Ukikonda mama yako atanilaumu mimi.

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nafurahi mivinje imeshika. Swali langu nalo limeshika, lipo palepale, wala halijakauka.

Mama hajambo. Jicho la pili litafanyiwa upasuaji Mei. Dada yangu mkubwa ni mjamzito tena, mtoto wa tatu, na mumewe anatembea kama ndiye aliyebeba.

Nikuambie aibu yangu, ucheke. Wiki ya kwanza niliwapa wote kadi, waandike bila majina kitu kinachotakiwa kubadilika. Nimefanya hivyo kwenye asasi tisa. Nikazibandika ukutani, nikajipongeza moyoni. Mama Pazia akavaa miwani, akausogelea ukuta, akaanza: "Hii ya dereva, maandishi yake yanapanda mlima. Hii ya mpiga ngoma, kakandamiza kalamu. Hii ya mchora mabango, nani mwingine anazivika herufi kofia?" Watu hawa wameandikiana vibandiko vya masanduku miaka na miaka. Akamjibu kila mmoja, kwa upole, kwa jina, kadi baada ya kadi. Alipomaliza, kumi na wawili wote walikuwa wanaangalia viatu vyao. Nilitamani sakafu inimeze.

Baadaye mpiga ngoma akanivuta pembeni. "Hapa hatusemi kwa karatasi, dada. Hapa tunasema kwa vikaragosi." Akanieleza desturi ambayo bila shaka unaijua kuliko mimi: mwenye dukuduku anachukua kikaragosi kwenye kulabu, anaingia nyuma ya pazia, kikaragosi kinasema. Na kikishasema, hakuna anayeulizwa. Kikaragosi hakiulizwi, ndiyo sheria ya nyumba.

Basi Ijumaa tukafanya hivyo. Dereva alimchukua yule mbuzi mwenye ndevu, niliona alama yako chini ya shingo. Mbuzi akasema, "Jamani, hata mimi nafungiwa zizini, lakini mchungaji wangu akiumwa anamwachia jirani ufunguo!" Watu walicheka hadi kushika mbavu. Mama Pazia alifuta machozi kwa kitambaa. Mchora mabango akaleta tembo, mpiga ngoma akaleta bibi harusi, yakasemwa yote: ufunguo, maamuzi ya mtu mmoja, vijana wanaoondoka kila mwaka. Sijawahi kuona watu wakisema ukweli kwa raha namna ile. Mfadhili alipopata habari alitaka iingie kwenye kitabu chao cha mifano ya kuigwa.

Niambie nimefanya vizuri, mjomba. Nina hamu ya kusikia.

Kasuku


30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tano sasa, barua hakuna. Mama anasema labda umekufa na mkaza mjomba anaogopa kutuambia. Mimi nasema ungekufa kuku wangeandika.

Sina utani mwingi leo. Tumefanya Ijumaa sita za vikaragosi. Kila Ijumaa yanasemwa yote, tunacheka, tunakunywa chai. Kila Jumatatu Mama Pazia anakuja na ufunguo shingoni, anafungua stoo mwenyewe, anapanga ratiba mwenyewe, na wale waliosema Ijumaa wanamwambia, "Sawa, Mama." Nilimuuliza dereva uso kwa uso kama anataka uongozi ubadilike. Akaniambia, "Mbuzi alishasema, dada." Nikamwambia namuuliza yeye, si mbuzi. Akaenda kukagua matairi.

Imebaki miezi mitatu. Nimeambiwa niandike pendekezo. Nikiandika aondoke, hakuna hata mmoja atakayesimama aseme ndiyo, tunataka. Nikiandika abaki, nyumba imekufa.

Na kuna kitu sijakwambia. Kazi hii niliiomba mimi. Niliona jina la nyumba kwenye orodha, nikaiomba kabla ya kusoma masharti. Nilitaka kumwona Mama Pazia akiondoka pale na sanduku, kama wewe. Nimekaa naye miezi mitatu, naona mikono yake inatetemeka akitunga uzi, na bado nataka. Sasa nishaandika, siwezi kuifuta.

Nijibu.

Kasuku


19 Mei

Mwanangu,

Mkaza mjomba hajambo, anakusalimu. Mama yako nimesikia jicho la pili limekwenda salama, tumshukuru Mungu. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza zimekwenda kuwashia moto, kwa hiyo usiniambie sikukuandikia.

Ulipoandika kuhusu mbuzi niliiacha barua mezani nikaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Huyo mbuzi nilimchonga mimi, na mimi ndiye wa kwanza kusema naye neno hilo. Miaka minane iliyopita. Wakati ule vijana watano walikuwa wameondoka ndani ya mwaka mmoja, na mimi na Fundi wa nguo, mama aliyekuwa akishona mavazi ya vikaragosi, tulikaa tukazungumza. Tulikubaliana kwamba Mama Pazia lazima aambiwe. Nikasema nitamwambia mimi, mimi ndiye mkubwa pale, nimeanza naye. Fundi akasema, "Ukisema, nitakuwa nyuma yako." Ilipofika Ijumaa niliogopa. Nikamchukua mbuzi. Mbuzi akasema, "Mama, gawa funguo, uende ukapumzike." Walicheka, alicheka.

Kesho yake asubuhi Mama Pazia akaja kwenye meza yangu. Nilikuwa nachonga sikio la tembo. Akavunja sheria yake mwenyewe. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Lile neno la jana ni lako?" Fundi alikuwa pale pembeni na mkasi, ananitazama. Mimi nikasema, "Mama, kikaragosi hakiulizwi." Nikacheka. Fundi akaweka mkasi chini, akasema, "Mimi nasema hivyohivyo, na mimi si kikaragosi."

Ijumaa iliyofuata Fundi hakuwa na kazi. Ana watoto watatu, wakati ule wote walikuwa shule. Hakusema kwamba maneno yalikuwa yangu. Mimi nilibaki miezi kumi na mitatu. Kila nikichonga uso naona Fundi ananitazama. Mwisho nikafunga sanduku nikaondoka. Hakuna aliyenifukuza, mwanangu. Mama yako alipomlaani yule mwanamke, mimi niliendelea kunywa chai yangu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuwa mtu aliyeonewa.

Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha. Uliniomba nikwambie umefanya vizuri. Mchezo wenu ni mzuri mno, ndiyo shida yake. Mtu akishacheka anaona ameshafanya kitu. Nyumba ile imeishi hivyo miaka thelathini, kila mtu ameshasema na hakuna aliyesema.

Nasikia Fundi ana duka huko mjini. Nakuomba umpelekee barua hii, umsomee. Mimi sina uso.

Mjomba wako


8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Dada amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, mtoto ana kelele kama jogoo wako. Kesho naondoka kwenda kwake, nitakaa mpaka Agosti, andika kwa anwani ya nyuma ya bahasha.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Nimekukasirikia. Nimemchukia mtu miaka saba kwa niaba yako, na wewe unajua, na unanyamaza. Nililia, wala si kwa ajili yako. Niliwalilia Fundi na wanawe, na nilimlilia yule bibi na mikono yake.

Hasira zilipopungua nikajitazama mimi mwenyewe. Nimewaambia watu kumi na wawili waseme ukweli, na mimi nimekaa katikati yao miezi minne na siri yangu mfukoni. Akinya kuku kanya, akinya bata kaharisha! Basi Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi nikasimama nikasema: mimi ni mpwa wa mchongaji wenu, kazi hii niliiomba kwa kinyongo, na mfadhili hajui. Hakuna aliyecheka. Mama Pazia alivua miwani, akasema, "Kumbe. Nilikuwa najiuliza nimekukosea nini." Basi. Afadhali angenitukana.

Mchana nikampigia simu mfadhili. Siku mbili baadaye wakaniondoa, na wana haki. Hawatumi mtu mwingine. Wamesema muda wa Julai uko palepale, nyumba ijiamulie yenyewe. Nikatoka na mkoba wangu. Dereva alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Dada, wewe ndiye mtu wa kwanza kusimama pale bila kitu mkononi." Kisha akarudi ndani kufanya kama kawaida.

Kuhusu ombi lako, hapana. Sitampelekea Fundi barua yako wala sitamsomea. Ukinituma mimi niseme kwa mdomo wangu maneno yako, mimi nitakuwa mbuzi wa pili. Duka lake liko nyuma ya duka la vifaa vya shule, karibu na zahanati, anashona sare. Basi linatoka kwenu saa kumi na mbili asubuhi.

Nakupenda, mjomba. Bado nimekasirika. Vyote viwili vinakaa pamoja, sijui kimoja kikitoka kipi kitabaki.

Kasuku


27 Julai

Mwanangu Kasuku,

Mpe mjukuu wangu busu, na dada yako pole ya uzazi. Nakuandikia kwenye meza ya mama yako. Ananipikia kama mgonjwa na kunigombeza kama mtoto. Nilimweleza yote siku niliyofika. Akainuka kuweka maji ya chai motoni. Kisha akasema, "Kwa hiyo yule mwanamke nimemlaani bure." Baadaye akaniambia niende kwa Fundi kesho yake, na nioge kwanza.

Nilimkuta Fundi anampima mtoto sketi ya shule, pini mdomoni. Aliniona, akaendelea kupima. Nilisubiri mpaka mteja akatoka. Nikamwambia, kwa mdomo wangu: maneno yalikuwa yangu, niliogopa, wewe ukalipa. Akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. Akasema, "Kuogopa hata mimi niliogopa. Kilichoniuma ni kwamba ulicheka." Nikamwambia dereva amenipa habari kwamba wana kikao tarehe ishirini na nne, cha mwisho, kama angependa kuja. Akasema atakuja, ila nisikae karibu naye.

Alikuja. Tulikaa karakana, kwenye stuli, kumi na wawili wao, Mama Pazia, Fundi upande ule, mimi upande huu. Mpiga ngoma, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kulabu. Fundi akamwambia, "Acha." Akaurudisha.

Nikasimama. Nikamwambia Mama Pazia, "Dada yangu, neno la mbuzi la miaka ile lilikuwa langu, na uliponiuliza nilikukimbia. Leo nalisema tena. Nyumba hii umeijenga wewe, na sasa wewe ndiye unayeizuia. Nakupenda. Waachie." Nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua namna ya kukaa. Dereva naye akasimama, akasema, "Na mimi nasema hivyo, Mama." Mchora mabango akafuata. Mpiga ngoma alilia kwanza ndipo akasema. Ilichukua muda, wengine walisema nusu nusu, mmoja alikataa kabisa, akasema anataka Mama abaki, na hilo nalo alilisema na uso wake.

Mama Pazia aliwasikiliza wote. Hakumjibu mtu. Mwisho akasema ataondoka mwisho wa mwezi, na wakae wachague. Wamechagua wanne, mchora mabango atakuwa mbele. Fundi walimwomba arudi, akawaambia ana duka lake na hana haja ya bosi, ila atawashonea kama mteja mwingine yeyote. Mfadhili ameshaandikiwa. Nadhani wataendelea, ingawa kusema kweli hakuna anayejua.

Ningemalizia hapo barua ingekuwa nzuri. Lakini nimeacha desturi hiyo.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai, Mama Pazia aliniomba nibaki. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitesa. Akaniambia, "Siku ile nilikuja kwenye meza yako kwa sababu nilitaka kujua. Nilikuwa nimechoka tayari. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, ningeweza kuanza kitu kingine. Fundi aliponijibu alikuwa peke yake, nikamwona mkorofi, nikamfukuza, na dhambi hiyo nitakwenda nayo mimi. Mngekuwa wawili ningejua ni kweli." Akatazama mikono yake. "Sasa nina sabini na moja. Unaniambia leo nipumzike. Miaka yangu minane nani atanirudishia?"

Mwanangu, nilikwenda pale nikidhani nina deni kwa mtu mmoja. Nikavuta stuli nikakaa karibu naye, na tukakaa hivyo hivyo, wazee wawili, mpaka chai ya wenzetu ikaisha.

Jumatano narudi kwa kuku wangu. Ukimaliza hasira, njoo. Usipomaliza, njoo nazo.

Mjomba wako